Mwalimu wa Newala kwenye Ziwa Bodensee: aanzie wapi?

Msomaji ameniandikia hivi: "Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Newala. Mwanangu anafanya kazi Ravensburg, kusini mwa Ujerumani, na Septemba nitakuwa kwake wiki mbili. Ananiambia Ziwa Bodensee lipo karibu, na yuko tayari kunizungusha siku nne kwa gari. Maduka sihitaji, bustani za maua nazo si sana. Nataka kufika mahali ambapo mambo yalitendeka kweli. Ila magoti yananisumbua, ngazi nyingi siziwezi. Niende wapi? Na je, huko kuna chochote kinachotuhusu sisi?"

Shikamoo Mwalimu, na karibu sana huku.

Nianze na jengo moja ambalo wageni wengi ninaowatembeza hulipita bila kugeuza shingo. Lipo Konstanz, kwenye kisiwa kidogo kilichoungana na mji kwa daraja fupi. Lilijengwa karne ya 13 kuwa makao ya watawa Wadominiko, na leo ni hoteli. Desemba 1414 alifungwa humo Jan Hus, padri na mwalimu wa chuo kikuu kutoka Praha, katika chumba kilichokuwa kando ya mfereji wa vyoo, hadi akaugua vibaya. Zaidi ya miaka 400 baadaye, Julai 1838, watawa wameshaondoka na jengo limekuwa mali ya familia ya wafanyabiashara, alizaliwa pale mtoto aliyeitwa Ferdinand von Zeppelin. Na chombo cha angani kilichobeba jina la mtoto huyo ndicho kilichopaa Novemba 1917 kikielekea nyanda za Makonde. Yaani kwenu. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, tena lipo ndani ya jengo la kwanza ninalokutuma.

Ndiyo maana nakushauri uanze na Konstanz. Kutoka Ravensburg, mwanao aendeshe hadi Meersburg, gari lipandishwe pantoni, na kwa robo saa mtakuwa ng'ambo. Kivuko hicho kilianza mwaka 1928 na hadi leo kinavusha usiku na mchana. Toka ndani ya gari, keti upande wa kusini. Hewa ikiwa safi utaiona milima ya Alpi imesimama mstari mzima nyuma ya maji, na mlima Säntis wenye mita 2,502 umejitokeza kuliko jirani zake. Na hapo katikati ya maji jiulize uko nchi gani. Ujerumani, Uswisi na Austria zinazunguka ziwa hili lenye kilomita za mraba 536, lakini kwenye sehemu yake kubwa hawajawahi kukubaliana mpaka unapita wapi. Kwa mwalimu aliyefundisha mipaka ya wakoloni iliyopigwa kwa rula, nadhani hilo linatosha kuwa somo la asubuhi.

Ukifika Konstanz, nenda moja kwa moja bandarini. Utaona jengo kubwa la mawe na mbao, lenye paa refu lililoinama. Wenyeji huliita Konzil. Lilianza kujengwa mwaka 1388, na lilikuwa ghala la wafanyabiashara waliopeleka vitambaa vya kitani Italia na kurudi na viungo. Sasa kumbuka hali ya wakati ule: Kanisa la Roma lilikuwa na mapapa watatu kwa mpigo, kila mmoja akiwatenga wenzake. Mfalme Sigismund akaitisha Mtaguso Mkuu, ukakaa Konstanz kuanzia 1414 hadi 1418. Vikao vikuu vilifanyika katika kanisa kuu la mji, lakini ilipofika Novemba 1417 wakati wa kumchagua papa mmoja, wapiga kura 53 walifungiwa ndani ya ghala hili: makardinali 23, na wajumbe 30 wa mataifa matano, sita kutoka kila taifa. Walitoka tarehe 11 na Papa Martin V. Ghalani, Mwalimu. Kwenye uamuzi uliounganisha Kanisa la Magharibi hapakuwa na dhahabu ukutani, palikuwa na nguzo nene za mwaloni za kubebea mizigo. Leo hufanyika humo karamu na matamasha, na wewe unaweza kuridhika kulitazama ukiwa umekaa kwenye benchi la bandarini.

Mbele yako pale pale utaona sanamu kubwa ya mwanamke ikijizungusha polepole kwenye ncha ya gati. Iliwekwa mwaka 1993, ina mita 9, na mikononi ameshika vibwana viwili vilivyo uchi, kimoja kimevaa taji na kingine kofia ya kipapa. Mwanao atataka kupiga picha. Mwache apige, kisha mwondoke, maana kitu kinachonigusa zaidi mjini hapa hakina urefu wala hakizunguki.

Ni jiwe. Lipo magharibi ya mji wa kale, nje ya ulipokuwa ukuta, katika mtaa unaoitwa Paradies, yaani Peponi. Ni mwamba mweusi mzito uliowekwa mwaka 1862, mara nyingi umetambaliwa na majani, na kuuzunguka kuna nyumba za kawaida za watu, baiskeli zimeegeshwa, watoto wanatoka shule. Upande mmoja pameandikwa jina la Jan Hus, upande wa pili jina la rafiki yake Hieronimo wa Praha. Hus alikuja Konstanz akiwa na barua ya mfalme ya kumhakikishia usalama njiani. Barua haikumsaidia. Walimtaka akane mafundisho yake, akasema akionyeshwa kosa lake kwa Maandiko atakana, vinginevyo hawezi. Tarehe 6 Julai 1415 alihukumiwa ndani ya kanisa kuu, akavuliwa upadri, akatolewa nje ya mji akachomwa moto akiwa hai. Majivu yake yalikusanywa yakatupwa mto Rhine, ili wafuasi wake wasipate hata kipande cha kuhifadhi. Hieronimo alimfuata Mei 1416. Hus alikufa miaka 102 kabla ya Martin Luther kuweka hoja zake hadharani.

Nenda pale asubuhi kabla ya makundi ya wageni. Ni tambarare tupu, goti halitalalamika, na ukichoka katikati ya njia kuna nyumba ya makumbusho ya Hus karibu na lango la kale la mji.

Jambo moja linalofuata hapo hapo: mmoja wa wale mapapa watatu, Yohane XXIII wa wakati ule, alitoroka Konstanz Machi 1415 akiwa amejibadilisha mavazi, akakamatwa. Unajua alifungwa wapi? Katika ngome ya Gottlieben, kilomita chache kutoka mjini, upande wa Uswisi. Ni ngome ileile aliyokuwa amehamishiwa Hus. Aliyemwita mwenzake mzushi na aliyeitwa mzushi walilala chini ya paa moja mwaka uleule. Ngome ni mali ya mtu binafsi, huingii, ila kijiji chake ni kizuri na minara miwili unaiona vizuri kwa nje.

Siku ya pili itoe kwa watawa. Hapa, Mwalimu, una faida kuliko wageni wote niliowahi kuwatembeza, kwa sababu wewe unaijua Ndanda. Unajua jinsi Wabenediktini waliofika pale mwaka 1906 walivyojenga: kanisa, hospitali, shule, karakana, mashine ya kuchapa, bustani, kila kitu ndani ya eneo moja kana kwamba ni mji unaojitegemea. Mpango huo haukubuniwa Ndanda, wala haukubuniwa katika monasteri yao mama ya St. Ottilien kule Bavaria. Mizizi yake ni ya kale sana, na mchoro wake wa zamani kuliko yote uliobaki ulichorwa kwenye kisiwa cha Reichenau, ndani ya ziwa hili.

Reichenau ilianzishwa na mtakatifu Pirmin mwaka 724. Unaingia kwa gari, maana tangu 1838 kuna barabara juu ya tuta lililopandwa miti pande zote. Usishangae ukikuta nyumba za vioo na matuta ya saladi na nyanya badala ya magofu, kwa kuwa kisiwa kinalimwa mboga hadi leo na wenyeji wanazijivunia. Katikati ya mboga hizo kuna makanisa matatu ya zamani, na kisiwa chote kimo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kama nguvu zinatosha kanisa moja tu, liwe la Mtakatifu Georg, Oberzell. Majira ya joto hawaachi watu waingie ovyo, unaingia na kiongozi kwa saa maalumu, kwa sababu pumzi za watu huharibu michoro. Kuta zake zina picha kubwa za miujiza minane ya Kristo, zilizochorwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Tafuta ile ya dhoruba. Yesu amelala ndani ya mashua, na kisha mashua ileile, Yesu yuleyule, ameinuka anaukemea upepo. Mchoraji alikuwa akiishi kisiwani, na bila shaka dhoruba ya ziwa aliijua kwa macho yake. Ukigeuka, kuna mchoro mwingine wa baadaye, karne ya 14: mashetani wanne wamenyoosha ngozi ya ng'ombe na wanaandika juu yake maneno ya wanawake wawili wanaopiga soga kanisani. Kina mama niliowahi kuwaleta walikuwa na mengi ya kumwambia mchoraji huyo, na nadhani walikuwa na haki.

Mchoro wa monasteri wenyewe hauko Reichenau tena. Ulitumwa kwa abati wa St. Gallen, Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 9, na huko ndiko ulipo. Ni vipande vitano vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wake sentimita 112. Kuna kanisa, ndiyo, lakini kuna pia nyumba ya wagonjwa, chumba cha kuumikia damu, bustani ya dawa, kiwanda cha pombe, mahali pa kuoka mikate, banda la kuku la mviringo na nyumba ya mtunza kuku kando yake. Umenusurika kwa bahati: karne ya 12 mtawa mmoja alikosa ngozi ya kuandikia, akaukunja na kuandika maisha ya Mtakatifu Martin mgongoni mwake. Bila maisha ya Martin huenda ungekuwa umeshatupwa.

Kwa hiyo siku ya tatu ni St. Gallen, na maktaba yake ndiyo chumba kizuri kuliko vyote nilivyoviona katika nchi hizi tatu. Mlangoni utapewa viatu vya sufi, vikubwa kama mitumbwi, unavivaa juu ya viatu vyako ili usikwaruze sakafu ya mbao. Usinyanyue miguu, telezesha. Nafikiri hata magoti yako yatafurahi. Juu ya mlango kuna maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pa kutibia roho. Ukiingia, mbao zote zina mikunjo kama mawimbi, rafu zimepanda hadi roshani, na dari imepakwa picha za mitaguso ya kale. Chumba kilijengwa karne ya 18 na Peter Thumb, kumbuka jina hilo. Miswada ya mkono iliyomo inapita 2,000, mingine ya karne ya 8 na 9, iliyoandikwa papo hapo na watawa wa mtakatifu Otmar, aliyeianzisha monasteri mwaka 719 mahali alipokuwa ameishi Gallus, mtawa mpweke aliyefika 612.

Katika chumba hicho hicho utamkuta Mwafrika. Anaitwa Schepenese, binti wa kuhani wa Misri, aliyezikwa Thebes karne ya 7 kabla ya Kristo. Mwili wake uliokaushwa umelazwa kwenye jeneza la kioo, uso wazi. Aliletwa karne ya 19, wakati makaburi ya Misri yalipokuwa yakichimbuliwa na vitu vyake kuuzwa Ulaya. Mimi sipigi picha pale, na wageni wangu nawaomba wasipige. Watu wa St. Gallen wenyewe wamekuwa wakibishana hadharani kama arudishwe kwao au la. Wewe mwalimu wa historia utakuwa na maoni yako, ukipenda niandikie.

Siku ya mwisho mrudi upande wa Ujerumani. Asubuhi anzeni na Birnau, kanisa la hija la rangi ya waridi lililo juu ya mashamba ya mizabibu. Gari linafika karibu na mlango, usikubali kupandishwa kwa miguu kutoka ziwani. Lilijengwa 1746 hadi 1749, na aliyelijenga ni yule yule Peter Thumb wa maktaba. Watu humiminika kumwona malaika mdogo aliyekumbatia mzinga wa nyuki huku akilamba asali kidoleni. Mtazameni, ni mzuri kweli. Kisha tokeni nje, mtembee kidogo kando ya barabara hadi kwenye makaburi madogo chini ya miti. Wamelala 97. Ni wafungwa wa kambi ya mateso iliyokuwa Überlingen, waliolazimishwa mwaka 1944 na 1945 kuchimba mahandaki kwenye mwamba ili viwanda vya silaha vya Friedrichshafen vihamishiwe chini ya ardhi, mbali na mabomu. Wageni wengi huondoka Birnau bila kujua makaburi hayo yapo. Nakuomba wewe usiondoke hivyo.

Chini kidogo, Unteruhldingen, kuna kijiji cha nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini. Nikuambie ukweli kabla hujalipa kiingilio: hizo nyumba ni za kuigiza, za kwanza zilijengwa 1922. Vitu vya asili ni mabaki ya nguzo yaliyozama kwenye tope, mengine ya miaka 4,000 kabla ya Kristo, yaliyohifadhika kwa sababu topeni hakuna hewa ya kuozesha mti. Kama muda upo, ni pazuri na njia zake ni za mbao zilizo sawa. Kama haupo, ruka.

Ngome ya kale ya Meersburg nayo naomba uitazame kutoka kwenye pantoni. Ni nzuri, mshairi Annette von Droste-Hülshoff alifia humo mwaka 1848, lakini ni ngazi juu ya ngazi. Mji wa Lindau una simba wa mawe na mnara wa taa wa 1856 mdomoni mwa bandari, kahawa ya saa moja inatosha. Kisiwa cha Mainau ni maua.

Sasa Friedrichshafen. Nimeiacha mchana wa mwisho kwa sababu ni njia ya kurudi Ravensburg, na kwa sababu unahitaji muda. Jumba la makumbusho la Zeppelin lipo kwenye kituo cha zamani cha reli cha bandarini, kilichojengwa 1933. Mwanzo wake ni maji hayo hayo yaliyo mbele ya dirisha. Tarehe 2 Julai 1900, yule mtoto wa jengo la Wadominiko, sasa mzee wa karibu miaka 62 na jenerali mstaafu, alirusha chombo chake cha kwanza kutoka kwenye banda lililoelea ziwani. Kilikaa angani kama dakika 18. Ndani ya jumba wamejenga upya mita 33 za Hindenburg, chombo kilichoungua Marekani tarehe 6 Mei 1937, nacho kikaua watu 36. Unaingia ndani kabisa. Vyumba vya kulala ni vidogo kama behewa la treni ya Kigoma, vitanda viwili kimoja juu ya kingine, na beseni la kunawia linalokunjwa ukutani. Gusa fremu za chuma chepesi uone jinsi zilivyotobolewa matundu kupunguza uzito.

Na ukiwa hapo, kumbuka L59, kile chombo cha Novemba 1917 nilichokutajia mwanzoni. Ilikuwa na urefu wa mita 226. Tarehe 21 Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, chini ya kamanda Ludwig Bockholt, ikiwa na watu 22 na tani kama 15 za risasi, bunduki, dawa na barua kwa ajili ya jeshi la kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck, lililokuwa limebanwa na Waingereza kusini mwa Tanzania ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Haikutarajiwa kurudi, kwa kuwa huko kwenu hapakuwa na gesi ya kuijaza tena. Mpango ulikuwa ivunjwe: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, mifuko ya gesi iwe bendeji, fremu ziwe nguzo za redio. Ilivuka Mediterania, ikapita jangwa la Misri, ikafika Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo usiku ikapokea amri kwa redio: rudi. Nyanda za Makonde zilikuwa zimeshapotea. Ilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757 bila kutua popote. Siku hiyohiyo, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma pale Ngomano kuingia Msumbiji, akiwa ametoka Newala siku chache tu kabla.

Wajerumani husimulia safari hiyo kama ajabu ya ufundi, na ni ajabu kweli. Lakini wewe utasimama mbele ya fremu hizo ukijua kilichokuwa chini: vijiji vilivyonyang'anywa chakula na majeshi yote mawili, na wapagazi waliokufa njiani kwa maelfu bila hata mmoja kuwekewa jiwe kama lile la Paradies. Ukimwona kiongozi wa jumba, mwambie umetoka Newala. Nina hakika hajawahi kumwona mtu wa upande ule ambako chombo kilikuwa kinakwenda.

Mambo machache ya safari. Viza yako ya Schengen inakutosha Ujerumani, Uswisi na Austria, ila pasipoti tembea nayo, kwani mpakani wanaweza kukusimamisha. Mwanao anunue stika ya barabara kuu za Uswisi kabla ya kuvuka, faini yake ni kubwa. Usipange siku ya makumbusho iwe Jumatatu, mengi hufungwa. Na mkirudi kwa pantoni kutoka Konstanz, mwambie akuonyeshe kijiji cha Hagnau, mashariki kidogo ya Meersburg. Februari 1963 ziwa liliganda lote, na watu walitoka Hagnau kwa maandamano, wakavuka kwa miguu hadi Münsterlingen, Uswisi, wakiwa wamebeba sanamu ya Mtakatifu Yohane. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 1830, na sanamu ilibebwa kutoka upande wa pili. Desturi ni kwamba hubaki ilikopelekwa hadi ziwa ligande tena, kwa hiyo mpaka leo ipo Münsterlingen.